Kasuku Huyu Utamwachia Nani?

Daktari alikuwa ameshamfunika Kheri kwa taulo, kichwa tu kiko nje, na msaidizi wake anamkata kucha. Kheri ananguruma. Wasiowahi kukaa na kasuku wa kijivu hawaamini nikiwaambia kuwa ndege hunguruma, lakini ndivyo, sauti nzito inayotoka kifuani, kama ya mbwa aliyebanwa kwenye kona. Mimi nimesimama upande wa kichwa, namwita kwa jina ili asikie sauti anayoijua.

Daktari akauliza umri wa ndege. Nikamwambia hatuna hakika, ishirini na kitu, huenda zaidi, maana hana pete mguuni. Akaandika. Kisha akauliza umri wangu mimi. Nikadhani ni mambo ya fomu, nikamtajia. Akaweka kalamu, akanitazama, na kwa Kiarabu chake cha Misri akauliza kwa upole:

"Na baada yako, nani?"

Sikuwa na jibu.

Nililipa, nikamtia Kheri kwenye tundu lake la safari, tukarudi nyumbani Seeb, hapa Maskati, katika joto la adhuhuri. Swali lile tumerudi nalo. Nimepika nalo, nimelala nalo, nimelisali. Wiki zimepita, na leo nimeona niliandike, kwa sababu najua siko peke yangu. Maskati hii imejaa kasuku wa kijivu wanaohama nyumba kwa nyumba, na kila anayempokea mmoja hudhani yeye ndiye kituo cha mwisho.

## Nyumba ya tatu

Kheri alinijia baada ya kupita mikono miwili.

Wa kwanza alikuwa mzee aliyekulia Kasongo, huko Maniema, Kongo, akaja Oman na wanawe miaka ya sabini, wakati wengi wetu wenye asili ya hapa tulipokuwa tukirudi kutoka Unguja, Bujumbura na Kigali. Alimnunua sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndege akiwa mkubwa tayari, akamweka barazani na akamlisha kwa mkono wake mpaka mauti yalipomkuta. Wa pili ni mjukuu wake. Kijana mwema, ana watoto wadogo, anakaa ghorofani. Kheri akamuuma mtoto kidole. Tundu likahamishiwa stoo, mlango ukawa unafungwa ili kelele zisiwafikie majirani, na hapo ndipo aliponipigia simu.

"Khalati, shangazi yangu, wewe unapenda ndege. Mchukue. Sisi tumeshindwa."

Simlaumu. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huishi miaka arobaini, hamsini, na wapo waliofika sitini. Anayenunua kinda akiwa na umri wa kati ananunua kiumbe ambaye huenda akabaki duniani baada yake. Hayo hakuna muuzaji anayeyasema.

Siku alipofika nilimweka sebuleni, tundu limegusa ukuta ili mgongo wake uwe na kinga. Alijibana pembeni, na kila nilipopita alijirusha huku na huku, akigonga nondo mpaka manyoya yakatawanyika sakafuni. Kifua kilikuwa na mabaka matupu. Macho yale ya manjano hafifu hayakunibanduka.

Nimefuga njiwa tangu utotoni Vuga, Unguja. Njiwa ukimwekea mtama na maji, mmeshaelewana. Kheri alikuwa na kumbukumbu.

Nikavuta kiti, nikakiweka upande wa pili wa chumba, na kila baada ya alasiri nikawa nasoma kwa sauti. Nasoma Kurani, nasoma gazeti, nasoma jumbe ndefu za dada zangu. Simtazami. Porini kasuku huwindwa, na jicho linalomkazia ni jicho la kipanga. Siku zikipita bila ya kunguruma, nasogeza kiti kidogo. Akinguruma, nakirudisha pale kilipokuwa, bila ya kinyongo. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote juu yake, kukisogeza kiti na kukirudisha.

Kitu cha kwanza alichopokea mkononi mwangu kilikuwa punje ya komamanga, ule msimu wanapoteremsha makomamanga ya mlimani Jabal Akhdar. Aliichukua, akaiangusha. Kesho yake aliichukua akaila.

Na usiku mmoja, taa zimezimwa, nikasikia mwanamume anakohoa sebuleni. Kikohozi cha mzee, kizito, mara tatu, na kisha sauti ile ile ikasema "aksanti sana", kwa Kiswahili cha Kongo. Nikakaa kitandani nikamwombea rehema mtu ambaye sikuwahi kuonana naye uso kwa uso.

## Chetezo kimetoka nje

Mnajua nyumba zetu. Magharibi ikiingia chetezo huwashwa, ubani kwanza, udi wageni wakija. Bila ya harufu hiyo nyumba huonekana kama haina watu.

Lakini ndege hapumui kama sisi. Ana vifuko vya hewa mwilini, na hewa mpya hupita mapafuni mwake anapovuta pumzi na hata anapoitoa. Hiyo ndiyo inayompa nguvu ya kuruka, na ndiyo inayofanya kila kilichomo hewani kimwingie upesi kuliko sisi. Moshi wa udi, dawa ya mbu ya kupuliza, manukato ya chupa, vyote vinamdhuru. Kibaya zaidi ni vikaango visivyogandisha chakula, vile vya tefloni. Kikaango hicho kikisahauliwa jikoni mpaka kikapita kiasi cha moto, hutoa mvuke usioonekana unaoweza kuua ndege kwa dakika chache, hata akiwa chumba kingine.

Vikaango nilivitoa siku ile ile. Chapati tunapika kwenye chuma.

Ubani ulikuwa na vita yake. Mama mkwe wangu, ambaye ninamheshimu kama mama aliyenizaa, aliuliza: "Nyumba gani hii haifukizwi? Kwa ajili ya ndege?"

"Ndiyo, mama. Kwa ajili ya ndege."

Alinyamaza kitambo. Kisha akachukua chetezo chake akakipeleka uani, akakaa nacho huko. Mpaka leo ndiko kinakowashwa, na sebuleni tunaweka asumini kwenye kibakuli cha maji.

Niliyaona haya kama mambo madogo wakati ule. Sasa, kila nikifikiria nani atamchukua, naanza na chetezo. Siulizi kama mtu anapenda ndege. Nauliza kama yuko tayari kutoa moshi ndani ya nyumba yake kwa miaka ishirini ijayo.

## Jua lililo nyuma ya kioo

Kheri alikuja akiwa anajua chakula kimoja tu, mbegu za alizeti. Hiyo ndiyo desturi ya masokoni, na ndiyo inayowamaliza wengi. Alizeti ina mafuta tele, lakini kalsiamu na vitamini A ni haba, na kasuku wa kijivu kuliko kasuku wengine hupungukiwa kalsiamu kwenye damu. Ikishuka sana hutetemeka, huanguka kutoka kwenye kijiti chake, hupata degedege.

Kumbadilisha kulichukua subira kuliko kile kiti. Chakula kigeni kwake ni adui. Nilikata karoti, boga na bamia vipande vidogo sana, nikachanganya kidogo kidogo na mbegu zake, na mwanzo alikuwa anavitupa kimoja kimoja sakafuni. Kilichomshinda kukataa ni mawese. Msituni kasuku hawa hupenda mno matunda ya michikichi, na rafiki yangu mwenye jamaa Kigoma huniletea chupa. Tone moja juu ya boga lililochemshwa, na Kheri aliinama akala mpaka mdomo wote ukawa mwekundu. Pilipili nayo anaitafuna kama karanga, maana ndege hausikii ukali wake. Parachichi haliingii kabisa karibu yake, ni sumu kwa ndege. Chokoleti na kahawa pia.

Na jua. Tunakaa katika nchi ya jua, na bado ndege wetu wanalikosa, kwa sababu tunaishi nyuma ya vioo na viyoyozi. Kioo cha dirisha huzuia miale ile hasa inayomwezesha ndege kutengeneza vitamini D na kuitumia kalsiamu anayokula. Mwangaza unaingia, faida inabaki nje. Kwa hiyo majira ya baridi, baada ya sala ya alfajiri, namtoa uani kwenye tundu dogo na nakaa naye, maana kunguru na paka wa mtaa hawasinzii. Kiangazi, wakati hata alfajiri ni tanuri, tunatumia taa maalumu, na nampulizia maji kwa chupa kwa sababu hewa ya kiyoyozi inamkausha manyoya.

Kila asubuhi napima uzito wake kwa mizani ya jikoni. Ndege huficha ugonjwa mpaka dakika ya mwisho, kwani porini anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa. Mizani husema kabla yake.

## Wangu peke yangu

Taratibu Kheri akawa mtu wa nyumbani. Akapanda mkononi. Akaanza kuinamisha kichwa nimkune shingo, manyoya yakimsimama na macho yakifumba nusu. Akajifunza mlio wa simu yangu, mlango wa friji, na namna ninavyosema "yallah" nikichelewa.

Kwangu tu.

Mume wangu akikaribia, mboni zake zinabanana na kutanuka, shingo inanyooka, na kidole kisipotoka upesi damu inatoka. Wanangu hali kadhalika. Wageni walikuwa wakistaajabu: "Mashaallah, huyu anakupenda wewe tu." Wengine walinambia subira huvuta kheri, na nikaitikia kwa furaha. Niliona ni malipo ya alasiri zote zile. Ndege aliyefungiwa stoo, aliyekuwa hamwamini mtu, amenichagua mimi.

Ni raha kubwa kuchaguliwa na kiumbe asiyejua kujipendekeza. Naisema wazi kwa sababu nadhani kila anayelea kasuku aliyekataliwa kwingine anaijua, na ndiyo inayotufanya tuendelee siku anapotuuma.

Kisha mdogo wangu akaugua Unguja, nikalazimika kusafiri.

## Kifua kitupu

Kheri alibaki nyumbani kwake, kwenye tundu lake, chakula kile kile, taa kwa saa zile zile. Mume wangu alifuata kila nilichoandika. Kila siku alinipigia kunambia amekula kidogo. Kisha, amekula kidogo zaidi. Kisha akanyamaza juu ya habari za ndege, na mimi, mbele ya kitanda cha ndugu yangu, sikuuliza.

Niliporudi, kifua kizima kilikuwa ngozi. Alikuwa amejinyonyoa kuanzia kooni mpaka mapajani, na manyoya mengine alikuwa ameyatafuna yakabaki vijiti.

Kwanza daktari alitafuta ugonjwa, na ninawasihi wote wenye kasuku anayejinyonyoa waanzie hapo. Alitoa damu akapima kalsiamu na ini, akapima virusi vile vya mdomo na manyoya vinavyowaua makinda, akaangalia vimelea. Katika kupima huko ndipo tulipojua pia kuwa Kheri ni jike, kwani kasuku wa kijivu hatambulikani kwa macho kama ni dume au jike. Vipimo vyote vilirudi salama.

"Ana upweke," daktari alisema.

Nilitaka kumjibu kuwa nyumba ina watu watano.

Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma, na kuna utafiti mmoja ulionikalia moyoni. Mwaka 2014 watafiti wa Vienna walipima ncha za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe za mwili, katika damu ya kasuku wa kijivu. Ncha hizo hufupika kadiri kiumbe anavyozeeka na anavyodhikika. Kasuku waliofugwa peke yao walikuwa na ncha fupi kuliko wa umri wao waliofugwa wawili wawili. Upweke unaandikwa ndani ya damu. Na mwaka 2020 ukachapishwa mwingine, kasuku wa kijivu huko Tenerife walipewa vipete vya chuma vya kununulia chakula, na aliyekuwa hana nafasi ya kununua alimpitishia vipete jirani yake aliyekuwa nayo, bila ya kuambiwa na bila ya kupata kitu mara ile. Ni ndege wanaosaidiana. Wameumbwa kwa ajili ya wengi.

Hapo nikaanza kuitazama upya ile raha ya kuchaguliwa.

Ndege aliyekuwa na mzee wa Kasongo peke yake, alipoondoka mzee dunia nzima ilimwondokea. Sasa alikuwa na mimi peke yangu. Subira yangu yote ilikuwa imemvuta kuja kwangu, na mimi ni mtu mmoja, mwenye umri wangu, mwenye ndugu wa kuuguza ng'ambo ya bahari. Alichokuwa nacho Kheri baada ya alasiri zote zile ni kamba moja tu, na kamba hiyo itakatika kabla yake.

## Mbona usimwachie?

Swali hili naulizwa sana, hasa na vijana, na ni swali la haki.

Kasuku wa kijivu ni wa misitu inayoanzia pwani ya Afrika Magharibi, ikapita Kameruni na Kongo, ikafika Uganda na kingo za Ziwa Viktoria. Ukiwa Entebbe asubuhi utawasikia wakipita juu ya miti, wanapiga miluzi, mikia myekundu. Hulala makundi kwa makundi kwenye mti mmoja, mamia, na zamani maelfu. Wawindaji wa Kongo hupanda juu kabisa, hupaka ulimbo kwenye matawi, huweka kasuku mfungwa awe anaita wenzake. Wanaoshuka kumwitikia hunasa. Wengi hufa kabla ya kufika uwanja wa ndege.

Kuanzia 1975 zaidi ya kasuku milioni moja wa porini walisafirishwa kihalali nje ya nchi zao, mbali na waliopita kwa magendo. Ghana, uchunguzi uliochapishwa 2016 uliona kuwa wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwanzo wa miaka ya tisini. Mwaka huo huo, Johannesburg, nchi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, ziliwaweka katika orodha ya kwanza, yenye ulinzi mkali zaidi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini imepigwa marufuku. Kheri hana pete ya kuzaliwa kifungoni, naye alikuja sokoni kabla ya hapo akiwa mkubwa. Ninaamini alitoka msituni. Ninaamini kuna tawi lenye ulimbo katika maisha yake, na kila anaponguruma chini ya taulo la daktari najua kuna kitu anachokumbuka.

Kwa nini basi nisimwachie? Kwa sababu hapa si kwao. Jangwa la Oman halina mchikichi hata mmoja, na asingemaliza wiki. Na kumrudisha kwao si kumfungulia mlango. Ndege wanaorudishwa porini ni wale waliokamatwa karibuni na kutunzwa vituoni, kama wanaopokelewa Lwiro huko Kivu, wapimwe magonjwa wasije wakayapeleka msituni, wafundishwe kuruka, watolewe pamoja kama kundi. Kheri mbawa zimedhoofika na anawajua watu kuliko anavyowajua kasuku.

Tangu chuoni tumesomeshwa habari ya Abu Umair, mtoto aliyekuwa na ndege wake mdogo, na Mtume (s.a.w.) akawa anamuulizia ndege huyo. Wanazuoni wameichukua kuwa ni ruhusa ya kufuga. Na tumesomeshwa ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Mimi naishi baina ya hadithi hizi mbili. Siwezi kumwachia ajitafutie, kwa hiyo lililobaki juu yangu ni zito zaidi.

Nimefikiria kumletea mwenzake pia. Kununua sitanunua, kwani kila tundu linalotoka sokoni huita tundu jingine kujaa. Nikipata aliyekosa pa kwenda, nitampokea, kwenye tundu lake mwenyewe, wakatazamane kwa mbali. Huenda wakapendana, huenda wakatoana damu. Hilo halijibu swali la daktari. Litakuwa ni ndege wawili wa kuachiwa mtu.

## Kiti cha watu wengi

Kwa hiyo nilianza upya, na safari hii kiti hakikuwa changu.

Mume wangu alikikalia yeye, upande wa pili wa chumba, na gazeti lake. Mimi nikatoka. Hilo la kutoka ndilo lililonichoma. Kheri alikuwa ananiita kwa mluzi wetu, nami niko jikoni, nimekaa kimya mkono uko mdomoni. Nikiingia, analolifanya mume wangu halina maana tena.

Binti yangu ndiye aliyetufundisha kazi ya kijiti, aliyoisoma mwenyewe. Unamwonesha ndege ncha ya kijiti kutoka nje ya tundu. Akiigusa kwa mdomo, unasema "vizuri" na unampa kipande cha lozi. Basi. Hakuna anayemshika, hakuna anayemlazimisha, na yeye ndiye anayeamua kuja au kutokuja. Lozi tukaacha kabisa kumpa nje ya kazi hiyo, na mimi nikaacha kabisa kumpa lozi. Nzuri zote zikawa zinatoka kwenye mikono ya wengine.

Nilikuwa nakesha nikijiuliza kama namfanyia wema au namsukuma. Mwenye kumpenda mtu humwambia nitakuwa nawe. Mimi nilikuwa namwambia Kheri, kwa lugha ya viti na lozi, kuwa sitakuwa naye, ajiandae. Zipo jioni nilizomkuna shingo nikalia, kwa sababu alikuwa bado anafumba macho kwa imani ile ile.

Wiki za mwanzo alizidi kujinyonyoa. Niliomba kuacha. Mume wangu, ambaye vidole vyake vina makovu, ndiye aliyekataa.

"Mpe muda," alisema. "Wewe ulipewa."

Kisha siku moja nikiwa jikoni nikasikia sauti ya mzee wa Kasongo: "Aksanti sana." Ile sauti hakuwahi kuitoa mchana, wala mbele ya mtu. Nilichungulia. Mume wangu amenyoosha mkono kupitia mlango wa tundu, kipande cha lozi kwenye vidole, na Kheri amekitwaa kwa mguu, anakila, mgongo umemgeukia mlango nilipo.

Sasa mume wangu ndiye anayempima asubuhi. Binti yangu anampulizia maji. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, huja Ijumaa na hukaa naye saa nzima, na kwake Kheri hupanda mkono akitaka, asipotaka haombwi tena. Kifuani yameota manyoya mepesi, meupe chini na kijivu juu. Pale alipojing'oa mara nyingi hayataota tena, daktari ameshanambia, vinyweleo vimekufa. Bado kila nikisafiri hurudi nyuma kidogo. Lakini hula.

## Karatasi

Nimeiandika kwa mkono, kwa Kiswahili na Kiarabu, na iko pamoja na wasia wangu mwingine.

Humo nimeandika anachokula na asichotakiwa kula, uzito wake wa kawaida, jina la dawa ya kalsiamu, saa zake za kulala, maana huhitaji kama saa kumi na mbili za giza na utulivu. Nimeandika kuwa hapendi kofia nyekundu. Kwamba akinguruma mtu arudi nyuma, asimkaripie. Kwamba anakohoa usiku na si ugonjwa, ni mzee wake. Nimetenga na fedha za daktari, kwani mapenzi hayalipi kipimo cha damu.

Mpwa wangu amekubali kuwa wa kwanza baada yangu. Niliona furaha yake, kisha nikamuuliza la pili ambalo sikupenda kuliuliza: mchumba wako? Akainamisha kichwa. Mchumba ana pumu, na kasuku wa kijivu hutoa vumbi jeupe la manyoya linaloingia kila mahali. Tumekubaliana mchumba aje akae na Kheri chumba kimoja mara kadhaa, aone kifua chake kinasemaje, kabla ya ahadi yoyote. Ikiwa hawezi, sitamlaumu, na jina la mpwa wangu litafutwa bila ya aibu. Binti yangu yuko nafasi ya pili, lakini masomo yatampeleka nje, na ndege wa orodha ile havuki mpaka bila ya vibali.

Nafasi ya tatu iko wazi. Ikiwa uko Maskati au karibu, nyumba yako haina pumu wala moshi wa udi ndani, na una alasiri za kutoa bila ya kuharakisha, njoo ukae naye. Kiti kipo upande wa pili wa chumba. Njoo na kitu cha kusoma.